Daftari Lililonirudishia Chakula

Ushuhuda huu namwandikia mtu anayekwenda kazini kila siku huku moyo uko tumboni, ambaye kila kipimo kinarudi na jibu la "huna kitu", na ambaye ndugu zake wameanza kuamini kwamba anajidekeza. Nimepita huko. Leo nakula, nasafiri, nafanya kazi. Nataka kueleza nilivyofika hapa, kwa sababu njia yenyewe haina siri wala gharama kubwa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, Tanga mjini. Matatizo yangu yalianza mwaka mmoja wakati wa masika, nilipoharisha vibaya sana. Kuharisha kukaisha, lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Nikila chakula cha mchana, kufika saa tisa limejaa gesi na sketi haifungiki. Kisha linaanza kusokota, nakimbilia chooni, narudi darasani, nakimbilia tena. Halafu zinapita siku kadhaa choo kigumu hakitoki, na baada ya hapo mzunguko unaanza upya. Nikisimamia mtihani, darasa limetulia, tumbo likiunguruma wanafunzi wa mstari wa mbele wanainua macho. Safari ya Dar es Salaam nilikuwa naianza na njaa. Tangu jioni iliyotangulia sitii kitu kinywani, maana basi halisimami kila abiria anapotaka, na habari kama hiyo utamwelezaje konda mbele za watu?

Nimepewa majina mengi ya ugonjwa. Ilianza taifodi, nikameza dawa. Ikaja amiba, nikameza. Ikaja UTI. Mwisho nikaambiwa ni vidonda vya tumbo, na hakuna aliyenipima. Jirani mmoja, bibi mwenye huruma, akasema hili ni chango, akanichemshia mizizi. Kila jina lilikuja na orodha yake ya vyakula vya kuacha: maharage, pilipili, ndimu, nyanya, chai, nyama nyekundu. Nilitii zote. Nikabaki na ugali, mboga ya kuchemsha na woga. Nikakonda. Nikaanza kukwepa shughuli, kwa sababu kwetu ukienda kwa watu ukakataa chakula, umewavunjia heshima.

Aliyenitoa kwenye njia hiyo alikuwa daktari mtu mzima, mtaratibu, ambaye alikaa kuniuliza kabla ya kuandika chochote. Je, umeona damu kwenye choo? Maumivu hukuamsha usingizini? Homa je? Katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani ya utumbo? Kwa kuwa nilikuwa nimekonda, akapima wingi wa damu, akapima choo, akatafuta na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Akanieleza kwamba vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria huyo au na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki zikitumiwa kwa muda mrefu. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Australia waliomgundua bakteria huyo, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo anapimika, na akipatikana hutibiwa kwa antibiotiki mpaka aishe. Kwa hiyo mtu hana sababu ya kumeza dawa za vidonda miaka nenda miaka rudi bila kupimwa.

Majibu yangu yalirudi safi, na kwa mara ya kwanza majibu safi hayakuwa mwisho wa mazungumzo. Daktari akasema, "Mwalimu, maumivu yako ni ya kweli. Utumbo wako hauna kidonda wala uvimbe, ila namna unavyofanya kazi ndiyo yenye hitilafu." Ugonjwa huo madaktari huuita IBS. Mishipa ya fahamu ya utumbo huwa myepesi mno kuhisi, na mawasiliano kati ya utumbo na ubongo yanavurugika, hata gesi ambayo mwenzako haisikii wewe inakukunja. Hutambuliwa kwa maumivu yanayorudi walau siku moja kwa wiki kwa miezi 3, yakifuatana na mabadiliko ya choo. Na baada ya ugonjwa mkali wa kuharisha, takriban mtu 1 kati ya 10 huweza kubaki nao. Nilikumbuka ile masika, nikalia pale pale mbele yake. Sikuwa nimerogwa, wala sikuwa najidekeza.

Akanipeleka kwa afisa lishe, dada mmoja mwenye umri wa kuwa mdogo wangu. Nilikwenda nikitarajia orodha nyingine ya kuacha. Yeye akanikataza kuacha kitu. "Dada, kula kama ulivyokuwa ukila kabla ya orodha zile," akasema, "ila andika."

Nikachukua daftari la kurasa 96 kama yale ya wanafunzi wangu, nikalipigia mistari: saa, nilichokula, kiasi, tumbo, choo, mengineyo. Kwenye tumbo naweka alama kutoka 0 hadi 10. Kwenye choo naandika namba. Afisa lishe alinipa karatasi yenye michoro ya aina 7 za choo, iliyotolewa mwaka 1997 na watafiti wa Bristol, Uingereza. Namba 1 ni vigololi vigumu, 3 na 4 ni choo cha mtu mzima wa afya, 7 ni maji matupu. Karatasi hiyo iliniondolea aibu kubwa. Mambo niliyokuwa nashindwa kumtamkia hata mume wangu yakawa namba. Naweza kumwambia daktari "juzi ilikuwa 6 mara mbili, jana 2," naye akaelewa kila kitu.

Ukurasa mmoja wa mwanzo, ninao mpaka leo, unasomeka hivi. Saa 1 asubuhi: chai ya maziwa kikombe kikubwa, chapati 2. Saa 4: andazi 1, chai ya maziwa. Saa 7: wali, maharage upawa mmoja, kachumbari nyingi. Saa 9: tumbo 7, limejaa. Saa 10: choo namba 6. Mengineyo: nimelala saa tano usiku, nasahihisha mitihani.

Katika wiki zile za mwanzo nilikuwa nayashuku maharage, kama nilivyofundishwa na kila mtu. Daftari likasema jambo jingine. Kulikuwa na siku nimekula maharage kidogo tumbo likatulia, na siku sikuyagusa likaniadhibu. Kilichojirudia kwenye siku mbaya kilikuwa ngano asubuhi, vitunguu mchana, na maziwa katikati, vyote ndani ya siku moja.

Afisa lishe alinionyesha sababu. Kuna sukari na wanga fupi ambazo utumbo mdogo hauzifyonzi vizuri. Zikishuka zinavuta maji, na zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachusha, gesi inatoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash kule Melbourne, Australia, wamezichunguza kwa miaka mingi na kuziita kwa kifupi FODMAP. Zimo kwa wingi kwenye vitunguu maji, vitunguu saumu, ngano, jamii ya kunde, maziwa, embe na tikitimaji. Wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, mayai, samaki, nyama, karoti na machungwa hazina au zinazo kidogo. Niliposikia wali, samaki na machungwa, nilishukuru kuzaliwa Tanga, maana machungwa ya Muheza tunayo hadi tunasaza.

Mpango una hatua tatu. Kwanza unapunguza kundi lile lote, kwa wiki 2 hadi 6 tu. Pili unarudisha chakula kimoja kimoja, siku ya kwanza kidogo, ya pili kuongeza, ya tatu kuongeza tena, kisha unapumzika siku chache kabla ya kujaribu kingine. Tatu unajipangia mlo wako wa kudumu kwa yale uliyoyaona. Afisa lishe alisisitiza kwamba hatua ya kwanza haifai kuwa maisha. Ukikaa nayo unakosa virutubisho, na hata bakteria wazuri wa utumbo wanapungua.

Hatua ya pili ndiyo iliyonipa uhai. Maziwa nusu glasi: tumbo likafika 6. Mtindi kikombe kidogo: 1, na hiyo ni kwa sababu uchachu umeshapunguza sukari ya maziwa. Nilikuja kuelewa kwamba watu wazima wengi duniani hawamudu maziwa vizuri, na kwamba utafiti uliofanywa kwa Watanzania, Wakenya na Wasudani na kutolewa mwaka 2007 uliwakuta wafugaji wa huku kwetu na mabadiliko yao wenyewe ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa hadi uzeeni. Mimi sikujaliwa hayo, basi. Kitunguu maji: hapana. Majani mabichi ya kitunguu: ndiyo. Kitunguu saumu nakikaanga kwenye mafuta kikiwa kizima, kisha nakitoa, kwa sababu harufu inabaki kwenye mafuta lakini ile sukari yake haiyeyuki humo. Chapati moja haina neno, chapati na andazi siku moja ni taabu. Kipande cha embe dodo sawa, embe zima hapana. Na maharage, ambayo niliyakataa kwa miaka, nikayaloweka usiku, nikamwaga maji, nikayachemsha, nikamwaga tena: upawa mdogo unapita salama. Siku nilipoyala na wali wa nazi bila kuumwa, niliandika "0" kwenye daftari, nikaikolezea wino.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa mtihani wangu mkubwa. Dini imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa baadaye, na daktari aliniambia nisijilazimishe. Lakini nilitamani kufunga, na futari ya kwetu ndiyo hiyo: mbaazi za nazi, tambi za maziwa, maandazi, tende, tena vyote kwa pamoja kwenye tumbo tupu. Nikaipanga kwa kufuata daftari. Maji kwanza, tende moja, uji wa mchele, baada ya Magharibi viazi mviringo vya nazi na samaki. Mbaazi vijiko viwili. Daku nakula wali, si ngano. Nilifunga, alhamdulillahi, na siku ambazo tumbo lilikataa nilifungua bila kujilaumu.

Likabaki suala la watu. Mama mkwe wangu wa Muheza ni mpishi hodari, na kwa muda mrefu alikuwa ananiona nachokoachokoa sahani yake. Siku moja akaniuliza kwa uchungu, "Mwanangu, chakula changu kina nini?" Nikaleta daftari, nikakaa naye jikoni, nikamsomea kurasa: siku hii nimekula hivi, nikaumwa hivi, siku hii kitunguu hakikuwemo, nikalala vizuri. Alisikiliza huku akipepeta mchele. Halafu akasema, "Kumbe. Basi nitakuwa nakutolea chako kabla sijaunga." Tangu hapo kibakuli changu kinawekwa pembeni kabla mafuta na vitunguu havijaingia sufuriani, na hakuna tena anayesema naringa. Maelezo yangu ya miaka yote hayakumfikia, kurasa zile zilimfikia, kwa kuwa alisikia siku kwa siku.

Sasa niseme na kile ambacho chakula hakikunitatulia. Kwenye safu ya mengineyo ilijitokeza kwamba wiki za kusahihisha mitihani, usiku wa kulala kidogo, na siku za kukaribia hedhi zilikuwa mbaya hata nikila kwa uangalifu wote. Utumbo na ubongo vinasemezana kweli. Kwa hiyo nalala mapema, natembea jioni, nakula taratibu kwa saa zile zile, na wiki ya mitihani siongezi jaribio lolote. Ugonjwa haujaondoka. Bado nina siku mbaya, ila naijua ilikotoka na najua itapita.

Ndugu yangu unayeumwa, usianze na daftari. Anza hospitali. Ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, una homa, umepungukiwa damu, maumivu yanakuamsha usiku, au matatizo yameanza ukiwa umevuka miaka 50, hayo yanataka uchunguzi wa haraka. Ukishaambiwa ni IBS, ndipo uandike, tena uandike wiki mbili nzima kabla ya kuacha hata chakula kimoja. Tafuta afisa lishe, ulizia hospitali ya wilaya au ya mkoa. Na kila ukipunguza chakula, panga siku ya kukijaribu tena, kwa sababu lengo ni kula vingi kadiri tumbo linavyoruhusu.

Na nyinyi mnaokaa na mgonjwa wa namna hii, naomba jambo moja. Akikataa sahani yenu, msimhukumu. Muulizeni anaweza kula nini, mkipike, mkae mle naye.