Kontena la Loiyangalani

Lami tuliiacha Laisamis. Kutoka Isiolo gari lilikuwa likiteleza tu, lakini tulipokata kushoto kuelekea South Horr vumbi likaanza kupenya hata madirisha yakiwa yamefungwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Nilikuwa nimeomba kufuatana na injinia aliyekwenda kukagua kontena la seva lisilo na mfanyakazi hata mmoja.

Njiani tukaipita mitambo ya upepo, 365 kwa jumla, yenye uwezo wa megawati 310. Tangu 2018 stima yake husafirishwa zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Nikamuuliza injinia mbona wao hawachoti hapo hapo.

"Laini hii ni ya msongo mkubwa, ndugu yangu," akasema. "Sisi tunahitaji kilowati tatu tu. Mitambo ya kuushusha umeme huu ingetugharimu kuliko kontena na vyote vilivyomo."

Basi wanategemea jua, betri, na jenereta ndogo ya dizeli kama akiba.

Tulipofika, alipofungua mlango wa kontena nilipokewa na hewa ya uvuguvugu, feni mbili, na chujio lililoshiba vumbi. Seva zinastahimili joto hilo. Lakini kilichonivutia zaidi ni kitu ambacho hakikuwemo: inveta. Umeme wa paneli na betri ni wa mkondo mnyoofu, na seva nazo, ndani kwa ndani, hutumia mkondo huo huo. Ukiugeuza uwe mkondo geu kisha ukaurudisha, unapoteza kidogo kila hatua. Kinachopotea huwa joto, na joto hilo hudai stima nyingine ya kuliondoa. Kwa hiyo seva zimeungwa moja kwa moja kwenye volti 48, kama mitambo ya minara ya simu. Tena kifaa kisichokuwepo hakiharibiki, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo fundi yuko safari ya kutwa nzima.

Nje, betri kuukuu za risasi zilikuwa zikisubiri kuchukuliwa. Nikapapasa ubavu wa moja: ulikuwa umevimba, na nyufa nyembamba zilizunguka nguzo ya chanya. Umri wa betri hizi huhesabiwa kwa joto la nyuzi 25. Kila nyuzi 10 zinapozidi, umri hupungua karibu nusu. Za sasa ni za lithiamu, zinazovumilia zaidi, na bado zimejengewa kabati la kuta nene.

Chaja za sola zilikuwa nne, ingawa tatu zingetosha. Injinia akaichomoa moja kazi ikiendelea. Taa za seva hazikupepesa. Punde simu yake ikalia kutoka Nairobi.

"Chaja ya pili imetoka. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nikamuuliza itakuwaje mawingu yakitanda na jenereta ikagoma kuwaka. Akanifungulia skrini ya kidhibiti. Betri zikishuka, hukatwa kwanza seva za kuhifadhi video, kisha seva nyingine, moja moja. Redio na kidhibiti chenyewe huachwa hadi mwisho kabisa, ili kituo kiendelee kutuma taarifa za kinachokisibu. Naona huo ndio uamuzi bora kuliko yote niliyoonyeshwa humo: anayetumwa kutoka Nairobi anajua kabla ya kuondoka apakie chaja, betri au dizeli.