Kupiga Hodi Mapema



Juma hili tunaandika juu ya jambo ambalo huenda wengine wataona halina nafasi katika tafakari ya paroko, yaani jinsi ukurasa wa matangazo ya parokia unavyofunguka katika simu zenu. Tunaliandika kwa sababu tunalo deni.

Miezi kadhaa iliyopita mama mmoja wa kigango cha mbali alitafuta katika ukurasa wetu saa ya Misa ya mazishi ya mama yake wa ubatizo. Misa ilikuwa imesogezwa kutoka saa nane mchana hadi saa sita, na tangazo tulilibadilisha usiku uliotangulia. Mama alifungua, simu ikabaki nyeupe. Alijaribu tena, ikabaki nyeupe. Akaitia simu mkobani, akapanda daladala akiitegemea saa nane, akafika watu wakirudi kutoka makaburini. Alipotujia hakuwa na hasira. Alisema tu, “Baba Paroko, simu yangu ilikuwa nyeupe.”

Kwanza tuliulaumu mtandao, kama watu wote wafanyavyo. Kisha kijana mmoja wa kwaya, aliye na ujuzi wa kompyuta, alituonyesha jambo lililotuaibisha. Tangazo lilikuwa likifika katika simu mapema kabisa. Maneno yalikuwa tayari mkononi mwa yule mama, lakini kivinjari hakikuyaonyesha, kwa sababu sisi wenyewe tulikiagiza kwanza kikachukue maelezo ya herufi za mapambo kutoka kwa seva ya ng'ambo. Herufi hizo tulizichagua wakati wa Noeli kwa kuwa zilifanana na zile za vitabu vya zamani vya Misa. Tulizipenda, tunakiri.

Tueleze kinachotokea. Kivinjari kikitaka kitu kutoka kwa seva kisiyoizoea, hakianzi kwa kukiomba. Huanza kwa kuulizia nyumba iko wapi, kama mgeni amwendeaye balozi wa nyumba kumi, kwa maana jina la tovuti ni jina tu, na ni lazima ligeuzwe kuwa anwani ya namba. Anwani ikipatikana, kivinjari hupiga hodi. Seva huitikia karibu. Kivinjari hujibu kwamba kimesikia na kinaingia. Baada ya hodi hufuata barua ya utambulisho: seva huonyesha cheti kilichotiwa saini na mamlaka inayoaminika, na pande mbili hupatana juu ya ufunguo wa siri ili wapita njia wasiyasikie mazungumzo yao. Hapo ndipo ombi lenyewe hutolewa.

Kila hatua ni safari ya kwenda na kurudi, na safari ina gharama. Katika nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75; na kwa kuwa kebo huzunguka mabara, muda halisi huzidi hapo. Wenye kumbukumbu ya miaka ya kabla ya Julai 2009, kebo ya SEACOM ilipoanza kazi katika pwani yetu, wanajua shida iliyokuwapo: ujumbe ulipandishwa kwa setilaiti iliyo kilomita 35,800 hivi angani, na safari moja ya kwenda na kurudi ilizidi nusu sekunde. Leo hali ni bora. Hata hivyo toleo la 1.2 la itifaki ya TLS, linalosimamia ile barua ya utambulisho, huhitaji safari mbili kwa barua pekee, na toleo la 1.3 la mwaka 2018 huhitaji moja. Ukijumlisha hodi na kuulizia anwani, ni safari tatu au nne kabla ya neno la kwanza la maana. Katika kigango ambako simu hushika mtandao kwa shida, kila safari hurefuka.

Hatuwezi kuuongezea mwanga mwendo. Tunachoweza ni kuanza mapema. Juu kabisa ya ukurasa huandikwa mstari mmoja unaokiambia kivinjari: utaihitaji nyumba fulani, basi anza kupiga hodi sasa, wakati ukiendelea kusoma mengine. Hakichukui chochote bado. Hufungua mlango tu. Wakati wa kuomba ukifika, salamu zimekwisha.

Tulipoelezwa hayo tuliikumbuka Injili ya Luka, Bwana alipowatanguliza Petro na Yohane kuandaa Pasaka. Walikutana na mtu aliyebeba mtungi wa maji, wakamfuata hadi nyumbani, wakakuta chumba cha juu kimekwisha kupangwa. Usiku ule, Bwana na mitume walipoketi kula, hakuna aliyekuwa bado anamtafuta mwenye nyumba.

Kwa furaha ya kujifunza jambo jipya tukakosea tena. Tulimwagiza kijana aandike hodi kwa kila seva: ya picha, ya video, ya ramani, ya kuhesabu wasomaji. Simu za wazee zikawa nzito kuliko awali, kwa sababu kila hodi hutumia nguvu ya simu na nafasi ya mtandao, nazo zikashindana na tangazo lenyewe. Tena mlango uliofunguliwa bila mtu kuingia haungojei siku nzima. Chrome huufunga baada ya sekunde 10 hivi, na salamu zote zikawa bure. Tukapunguza hadi hodi moja, ile ya herufi, nayo haikusaidia kitu! Kumbe faili za herufi huombwa bila kuambatanisha vitambulisho vya msomaji, na kivinjari hutumia mlango wa pekee kwa maombi ya namna hiyo. Mstari wetu ulikosa neno moja la kulieleza hilo, hivyo tulipiga hodi mlango wa mbele wakati herufi zilikuwa zikingoja wa nyuma.

Mwishowe herufi za mapambo tumeziondoa katika matangazo. Sasa hutumika herufi za simu yenyewe, na hakuna mgeni wa kungojewa. Hodi ya mapema tumeibakiza katika ukurasa wa video za Misa kwa ajili ya wagonjwa, kwa kuwa video hizo ziko kwa seva ya watu wengine. Ipo pia njia iliyoelezwa mwaka 2017, ambapo seva inayoendelea kuandaa ukurasa hutanguliza ujumbe mfupi wenye namba 103, ukitaja nyumba zitakazohitajika. Chrome ilianza kuifuata mwaka 2022 katika toleo lake ambalo nalo, kwa bahati, lilikuwa la 103. Sisi bado hatujaitumia.

Lakini deni tulilolitaja si la simu tu. Kijana alipokuwa akitueleza habari za hodi na barua, tuliukumbuka usiku tulioitwa kwa Mpako wa Wagonjwa katika jumuiya ambayo kwa miaka mitatu hatukuwa tumeikanyaga. Tuliulizia njia kwa balozi. Mlangoni wajukuu hawakutufahamu, wakaenda kwanza kumwita mjomba wao. Ndani tuliuliza jina la ubatizo la mzee, kisha kama alifunga ndoa kanisani, kisha siku ngapi yuko kitandani. Tulipomaliza kujitambulisha, mzee hakuweza tena kusema. Mafuta tulimpaka, ila ungamo lake hatukulisikia.

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni tunakwenda na katekista katika nyumba mbili za jumuiya moja, nyumba zisizo na mgonjwa wala msiba. Mwanzoni watu walishtuka. Katika nyumba moja mama alitupokea amejishika kifua akiuliza, “Baba, nani amefariki?” Tukamjibu hakuna, tumekuja kusalimu. Ilimchukua muda kutuamini, na chai ilichelewa.

Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, tulimwomba yule mama wa kigangoni aufungue ukurasa kwa simu yake ileile, akiwa amesimama chini ya mwembe ambako mtandao ni hafifu. Maneno yalitokea kabla hajamaliza kuvaa miwani. Akasoma tangazo la juu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hatuandiki pia saa ambayo mwili utatoka nyumbani. Tumeanza kuiandika.