Taa Isiyotembea

Katika mafundisho ya dini hapa Baraka nilizoea kuwaeleza watoto habari za mnara wa taa wa Chumbe, karibu na Unguja, uliojengwa mwaka 1904 ili kuonyesha meli njia usiku. Walinisikiliza kwa adabu tu, maana mnara wa namna hiyo hawajauona.

Majuzi nilikuwa nikirudi kutoka Ubwari, rasi ile ambayo Burton na Speke mwaka 1858 waliidhania kisiwa. Upepo ukatukamata katikati ya ghuba, giza likaingia. Niliona taa nyingi juu ya maji. Nikasema, "Baba, tuzifuate."

Mzee mwenye mtumbwi akanijibu, "Hapana, mwalimu. Hizo ni za wavuvi wa ndagala, zinatembea. Ukizifuata utalala ziwani." Akatafuta moja isiyotembea, ndogo kabisa, upande wa nchi kavu. Tukapiga kasia, tukisali Rozari.

Taa ile ni ya mama mmoja mjane. Huitundika mlangoni kila usiku tangu mwanawe alipozama. Sikuyajua hayo, ingawa kila Dominika hukaa benchi la pili mbele yangu. Asubuhi nilimpelekea chupa ya petroli. Akaipokea kwa mikono miwili, akasema ile ya juma lililopita ni ya mkopo.