Kuchagua Kazi ya Kujifunza

Ewe msomaji uliye karibu kuagana na shule, washauri hawatakupungukia, na aghalabu kila mmoja atakutajia kazi aliyoitamani yeye mwenyewe akaikosa. Wasikilize kwa adabu. Kisha jiulize: kazi hii ikivuliwa heshima ya jina lake, je, nitaipenda shughuli yake ya kila siku? Uganga una damu na mikesha. Sheria ina majalada mengi kuliko maneno matamu ya mahakamani. Na ualimu, niujuao mimi, una madaftari 50 ya kusahihisha wengine walalapo.

Mtihani wa KCSE humpa mtu alama, haumpi wito. Mwenye C+ anastahili kuomba chuo kikuu, wala halazimiki kwenda. Na mwenye C- aweza kuomba diploma katika chuo cha ufundi. Nilimfahamu binti aliyepata C+ naye akataka kujifunza ufundi wa umeme. Baba yake, aliyekwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya karo, aliona kuwa ng'ombe wake wamepotea bure. Binti hakubishana. Alimwomba afuatane naye chuoni siku moja. Mzee alisimama karakanani saa nzima, kimya, akitazama vijana wakiunga nyaya. Alipotoka aliuliza neno moja tu: karo ni kiasi gani?

Basi nawe nenda ukaone. Mwombe fundi, muuguzi au mpima ardhi ukae naye kutwa, na umtazame hasa saa nane mchana, jua likiwa kali na mwili umechoka.