Kopo la Unga wa Kijani

Nilishuka Yala saa mbili asubuhi, miguu imevimba kwa kukesha kwenye basi, mkononi nimeshika kopo la plastiki lenye unga wa kijani. Unga huo ndio ulionitoa nyumbani. Niliuziwa Nairobi na mtu aliyeniapia kuwa ni dawa ya asili ya kuwakuza kware, na kware wangu 100 walikuwa wameula wiki tatu bila kukua. Jirani yangu akaniambia, "Nenda kwa mama yangu mdogo. Yeye kware ameanza nao kabla hawajawa biashara."

Nilikuwa sijawahi kufika upande huo wa Kenya. Nakuru niliiona taa zake tu, Kericho ilinipita nimelala, Kisumu nikabadili gari. Tulipofika Maseno makanga alininyooshea kidole palipo na alama ya ikweta, kisha akaendelea kudai nauli.

Mama alinipokea akaniita *nyathina*, yaani mwanangu kwa Kijaluo. Kabla ya chai akataka kuona nimebeba nini. Akafungua kopo, akanusa, akaweka punje kidogo kwenye ulimi.

"Hii ni moringa," akasema. "Moringa kidogo, unga wa mahindi mwingi."

Pembeni ya boma lake kuna mti mrefu uliosimikwa, na juu yake vikapu vitupu vimening'inizwa kimoja juu ya kingine. Ni vya marehemu baba mkwe wake. Msimu wa mvua, kware wa porini wanapofika, aluru kwa Kijaluo, huwekwa wachache vikapuni ili walie kabla ya mapambazuko. Wenzao husikia, hushuka, na chini wanakuta mitego. Kule kwa Waluhya ndege huyo huitwa isindu, na mtindo ni huo huo. Lakini hao si wa kwenye vizimba vyetu. Wa vizimbani ni kware wa Kijapani: yai lake huanguliwa kwa siku 17 au 18, na akifikisha wiki sita au saba anaanza kutaga.

Mama alicheka alipokumbuka mwaka wa 2013, Kenya nzima ilipoambiwa mayai ya kware yanatibu kila ugonjwa. Watu wakakimbilia leseni za KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, wakakopa, wakajenga vizimba. Mwaka uliofuata bei ikaporomoka na wengi wakala kware wao kwa ugali. Yeye hakuacha, maana hakuwa amemwahidi mtu muujiza.

Baada ya chai akaleta karai la maji na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani anaowalisha kware wake, akamimina omena yote ndani na kuikoroga kwa mikono. "Subiri," akasema. Nikasubiri. Alipoiopoa, chini ya karai palibaki mchanga unaojaa viganja viwili. Omena nyingi huanikwa chini ufukweni, kwa hiyo mnunuzi hulipia na ufukwe wenyewe. Ile aliyoiopoa akaianika tena juu ya turubai. Iliyokwisha kukauka tangu jana akaitia kwenye kinu, na harufu yake ikanifuata hadi Nairobi.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Kifaranga wa kware anahitaji chakula chenye protini kama asilimia 24, nami nilikuwa nawapa chakula cha vifaranga wa kuku cha agroveti, chenye kama 18. Kijiko cha majani hakiwezi kuziba pengo hilo. Mama yeye huchanganya kilo 8 za chakula hicho, kilo moja na nusu ya omena iliyotwangwa, na nusu kilo ya majani ya mlonge (hiyo hiyo moringa), yaliyokaushwa kivulini ili yasipoteze rangi. Mlonge haongezi zaidi ya hapo, kwa sababu ukizidi chakula kinakuwa kichungu na ndege wanakipekua tu. Wakianza kutaga anapunguza omena, mayai yasije yakanukia samaki, na anaongeza maganda ya konokono yaliyopondwa ili ganda la yai liwe gumu.

Bei ya omena inapopanda, anatafuta mabuu ya nzi askari weusi, wale wanaofugwa kwa mabaki ya jikoni. Kule Bondo chuo kikuu kina kituo kinachotafiti wadudu kama chakula cha watu na mifugo, hivyo jambo hilo halimshangazi mtu kijijini. Mimi ndiye niliyerudi nyuma hatua mbili alipofunua ndoo.

Kitunguu saumu pia anacho. Anakiponda na kukitia kwenye maji siku mbili kwa wiki. Nilimuuliza kama kinazuia kuhara.

"Kitamsaidia nini anayelala juu ya mavi yake?" akanijibu, akavuta trei ya chini ya kizimba kunionyesha. Ilikuwa safi kama sahani. Vyombo vya maji vya vifaranga vilikuwa na kokoto ndani, kwa kuwa kifaranga mwenye gramu saba au nane huzama kwenye maji ya kina cha kidole. Na jiko la makaa lilikuwa karibu nao usiku kucha. Mimi wangu nilikuwa nawaacha na balbu moja, stima ikipotea nao wanapotewa na joto.

Niliondoka kesho yake na kilo tano za omena. Mama alinikatalia kununua mlonge; akasema mti wenyewe unaota popote penye jua, nikapande.

Nawe ukiwa na kware waliodumaa, usianze na kopo la mtu. Soma protini iliyoandikwa kwenye gunia la chakula chako, kisha nunua omena na uioshe.