Nyumba ya Goma haina herufi, lakini inakula

Anayeuza nyumba Goma huonyesha karatasi za parsele na mpaka na jirani. Komisionere naye hutaja bei, maji na njia ya gari. Ni mara chache mnunuzi ao mpangaji kuuliza: nyumba hii itakula makala na umeme wa pesa ngapi kila mwezi?

Ufaransa, swali hilo lina jibu la maandishi. Tangu mwaka 2006, anayeuza nyumba anapashwa kuonyesha hati yenye herufi, kuanzia A hadi G. Nyumba ya A inatumia nishati kidogo. Ya G inatumia nyingi kupita zote. Herufi hiyo inagusa bei, na tangu Januari 2025 nyumba ya G haifai tena kupangishwa kwa mkataba mpya.

Kwetu, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inatazama hati ya kuandikisha parsele. Herufi ya nishati hakuna. Gharama inabaki imefichwa, na wanaoumia zaidi ni wenye haraka: familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru ao Nyiragongo, zinazotafuta chumba kabla ya giza kuingia.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mvua ni baridi. Nyumba nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe ya volkano, zingine palepale lava ilipopita Januari 2002. Mbao zikiachana, na bati likiwa bila plafo, joto la mchana linatoka mara jua linapozama. Hapo watu huingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Makala yanayowaka ndani hutoa sumu isiyoonekana wala kunuka, na sumu hiyo huua watu wakiwa usingizini.

Basi nyumba ya bei ndogo inaweza kuwa ghali. Dola zinazookolewa kwenye kodi zinarudi kwenye mfuko wa makala, na bei ya makala inapanda kila mara vita inapofunga njia ya Masisi ao Rutshuru.

Bila herufi, macho ndiyo yanapima. Ingia mchana, funga mlango, tazama kama mwanga unapenya kati ya mbao. Tazama juu kama plafo iko. Uliza jiko liko wapi: la nje lenye paa linaepusha moshi kwa watoto. Lakini usitafute nyumba iliyozibwa kabisa. Magharibi ya mji, kwenye mabonde karibu na ziwa, kuna mazuku, hewa nzito ya volkano inayolala chini na kuua. Chumba kinahitaji tundu la hewa hata kukiwa baridi.

Kisha umeme. Goma kuna SNEL, inayopata umeme wa Ruzizi, na kuna Virunga Energies, yenye kituo cha Matebe huko Rutshuru. Mama anayeonyeshwa nyumba anaweza kuuliza hivi: «Papa, mita hii ni ya nyumba hii peke yake? Ina deni? Nani analipa?» Mita moja kwa nyumba tatu za parsele moja huleta ugomvi kila mwezi.

Mwenye nyumba naye ana faida. Plafo ya mbao nyepesi, mbao zilizozibwa vizuri na dirisha linalofunga ni sababu ya haki ya kuomba bei zaidi. Na mpangaji asiyeweza kubadili nyumba anaweza kubadili jiko: mbabula iliyoboreshwa, yenye udongo ndani, inapunguza makala sana.

Mkikubaliana, andikeni kwenye mkataba namba ya mita, kiasi kilichobaki na nani atatengeneza bati. Tieni sahihi mbele ya mkubwa wa nyumba kumi, na kila upande ubaki na karatasi yake.