Koti jekundu la mama

Wadau, nimerudi chuo. Kimya kimekuwa kirefu, najua, ila field ndiyo ilinimeza. Nilipangiwa nyumbani Karagwe, shule moja ya kata, nikawa nakaa kwa wazazi Nyakakika. Leo siandiki habari za maandalio ya somo. Naandika habari za makoti.

Kule kwetu mwezi wa saba ukungu unalala mabondeni hadi watoto wameshaingia darasani, na baridi yake ukimsimulia mtu wa Dar anadhani unamtania. Mimi shuleni nilikuwa naenda kwa miguu, karibu saa nzima, nusu ya njia mlima mtupu. Mama yeye siku za gulio anaondoka saa kumi na moja alfajiri juu ya pikipiki, yeye na maharage yake. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia. Kwa hiyo bumu lilipoingia niliweka elfu arobaini pembeni, nikasema safari hii mama anapata koti la maana.

Nikaenda Omurushaka kwenye mitumba. Muuzaji anaita tu, "jaketi za theluji, jaketi za Ulaya!" Nikachagua mawili. Moja jekundu, zito, limejazwa kama mto wa kulalia. La pili la bluu, jembamba, linavutika, linateleza mkononi kama hariri. La bluu nikampa mama, maana lilikuwa zuri na yeye hapendi nguo nzito. Jekundu nikabaki nalo. Niseme ukweli, nilitaka wanafunzi waone mwalimu ametoka mjini.

Basi bwana... kila nikifika shuleni shati na tai vimelowa chapachapa. Nikikaa ofisini jasho linapoa mgongoni, natetemeka kuliko kama ningekuja bila koti. Na mama aliporudi kutoka gulioni hakusema kitu. Mama hasemi. Ni baba aliyeniambia asubuhi kwamba usiku kucha amekohoa. Hapo nikaogopa kweli.

Jumapili nikayatandaza makoti yote mawili kitandani, nikawasha simu nikaanza kusoma. Kumbe skii, huo mchezo wa kuteleza kwenye theluji, si mchezo mmoja, na kila aina ina mavazi yake! Kuna wale wa kushuka mlima. Hao wanapandishwa juu wamekaa kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya, upepo unawachapa, halafu wanashuka kwa kasi. Muda mwingi mtu amekaa tu, mwili hautengenezi joto, kwa hiyo koti lake ni nene, halipitishi upepo wala maji. Ndani kiunoni lina kitambaa chenye lastiki, ili akianguka theluji isimpandie mgongoni. Nikalifungua jekundu: kipo! Nilishataka kukikata nikidhani ni bitana ya ziada. Na mkono wa kushoto una kijimfuko cha zipu, cha kuwekea kadi ya kupandia vile viti.

Halafu kuna wale wa masafa, wanaojisukuma kwa miguu na fimbo mbili kilomita na kilomita, vilima na tambarare. Hao ni wakimbiaji kabisa, wanatoka jasho katikati ya barafu. Nguo yao inabana, nyembamba, inakinga upepo kwa mbele na kupumua kwa nyuma. Nikaligeuza la bluu: mgongo mzima ni kitambaa cha vitundu vitundu. Nilikuwa nimempandisha mama yangu pikipiki alfajiri na koti lenye matundu!

Mkenya Philip Boit, aliyekwenda Olimpiki ya Nagano kule Japani mwaka 1998, alikuwa wa kundi hili la pili. Alianza kama mkimbiaji, akafundishwa skii Finland, na kwenye zile kilomita 10 alimaliza wa mwisho. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mstarini akamkumbatia. Boit baadaye akamwita mwanawe Dæhlie. Mtu wa kazi ile ukimvisha jekundu langu angezimia njiani.

Kuna na wa tatu, wanaopanda mlima kwa nguvu zao ndipo washuke. Koti lao lina zipu makwapani: wakipanda wanafungua, wakishuka wanafunga. Hilo ndilo lingenifaa kuliko yote, lakini Omurushaka sikuliona.

Na wote, wa kushuka na wa kupanda, hawavai pamba karibu na ngozi, kwa sababu pamba inanywa jasho na kukaa nalo. Mimi nilikuwa na fulana ya pamba chini ya shati la pamba. Nikabadilisha, nikavaa jezi yangu ya mpira ndani, shati nikalibeba kwenye mfuko nikavalia shuleni. Na la bluu likawa langu.

Kazi ikawa kumshawishi mama avae jekundu. "Mwanangu, si nitaonekana kama trafiki?" Mwishowe alikubali, kwa sharti ajifunge kitenge juu yake. Kijimfuko cha mkononi akakipenda kuliko koti lenyewe: risiti ya ushuru wa gulio inakaa humo, haitafuti tena kifuani. Kikohozi kilichukua wiki mbili kuisha. Sitasahau hizo wiki mbili.

Jana amenipigia. Zipu ya mbele imekwama, fundi anataka elfu tatu, na gulio ni keshokutwa. Nimeshatuma.